Uzi: Sindano za kulegeza misuli kwa makunyanzi na jasho la kupita kiasi. Tuzijue kabla hatujazisifia au kuzilaani

ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya sindano hizi ikiguswa, muda si mrefu inageuka ugomvi: upande mmoja wanaotaka kupendeza, upande wa pili wanaowaita wenzao watu wasioridhika na sura zao. Katikati ya ugomvi huo wanapotea watu wawili ninaowaona kazini kila wiki. Wa kwanza ana jasho linalomharibia maisha, na hajawahi kuambiwa kwamba hali yake ina tiba. Wa pili ana makunyanzi, anataka yapungue, na anakaa kwenye kiti cha mtu asiyejua kilichomo ndani ya bomba la sindano. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya ngozi na uzi huu nauandika kwa ajili ya hao wawili.

Niseme wazi tangu mwanzo: dawa hii, botulinamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la chapa moja, Botox, ni sumu. Inatolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayestawi ndani ya vyakula vilivyohifadhiwa vibaya na kupooza wanaovila. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari mmoja Mjerumani, Justinus Kerner, aliwachunguza watu waliougua na kufa baada ya kula soseji zilizoharibika. Aliandika dalili zao moja baada ya nyingine, kisha akawaza jambo lililowatangulia watu wa wakati wake: kwamba kiasi kidogo mno cha sumu hiyo kinaweza kutuliza kiungo kinachotikisika bila mpangilio. Wazo hilo lilikaa zaidi ya miaka 150 kabla halijamfikia mgonjwa. Aliyelifikisha ni Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliyekuwa akitafuta namna ya kunyoosha makengeza bila upasuaji. Mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa yake kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe.

Urembo ulikuja nyuma ya hapo. Jean Carruthers, daktari wa macho kule Vancouver, alikuwa anawachoma wagonjwa wa kope. Mgonjwa wake mmoja akataka achomwe na katikati ya nyusi, kwa sababu alikuwa ameona kwamba akichomwa hapo uso wake unatulia. Jean akamweleza mumewe Alastair, daktari wa ngozi, na mwaka 1992 wakachapisha waliyoyaona. FDA ikaruhusu dawa hiyo kwa mistari ya katikati ya nyusi mwaka 2002, na kwa jasho la kwapa mwaka 2004. Nayaeleza haya kwa sababu watu wengi wanadhani hiki ni kipodozi kilichopandishwa cheo. Ni dawa ya hospitali tangu siku ya kwanza, na inapaswa kushikwa kama dawa ya hospitali hata inapotumika kwa urembo.

Inafanyaje kazi? Neva ikitaka msuli ukaze, ncha yake humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huingia ndani ya ncha ya neva na kukata protini moja, SNAP-25, ambayo bila hiyo vifuko vya asetilikolini haviwezi kufunguka. Msuli haufi wala hauozi. Unabaki mzima, ila haupati amri. Taratibu neva inajirekebisha, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu au minne msuli unarudi kukaza kama zamani. Tezi za jasho nazo zinaamrishwa kwa asetilikolini hiyohiyo, ndiyo maana dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya macho ikafaa kukausha kwapa.

Kwenye makunyanzi, sindano inasaidia yale yanayotokana na msuli kujikunja: ukinuna, ukishangaa, ukicheka. Kama mstari upo hata uso ukiwa umetulia kabisa, ngozi yenyewe imeshakunjika, na dawa itaupunguza tu, haitaufuta. Mashavu yaliyolegea na ngozi iliyochakazwa na jua si kazi yake. Na watu waache kuichanganya na vijazio vya hailuroni, ambavyo kazi yake ni kujaza palipobonyea. Vile vina kimeng'enya cha kuviyeyusha pakitokea tatizo. Hii haina. Ikishaingia, unasubiri iishe yenyewe.

Matokeo hayaonekani siku hiyohiyo. Huanza kuonekana siku ya tatu hadi ya tano, na hufika kilele kwenye wiki ya pili. Kwa hiyo mtu akikuongezea dozi siku ya nne kwa sababu "haijashika", ujue hajui anachofanya.

Jasho nitalieleza kwa kina watu wakiuliza, maana ndilo linalonigusa zaidi. Karibuni.

---

Bin Hamisi

Dada muuguzi, Mungu akubariki kwa uzi huu. Mimi ni wa hao wa kwanza uliowataja. Jasho langu lilinianza nikiwa shule ya sekondari, viganja na kwapa. Karatasi ya mtihani ilikuwa inalowa mpaka wino unasambaa, nikajizoeza kuandika huku nimeweka kitambaa chini ya mkono. Nguo za rangi ya kijivu sijavaa tangu nijitambue. Kinachouma zaidi ni mkono: mtu anakunyooshea mkono wa heri na wewe unatafuta kisingizio cha kushika kitu. Nimeishi nikiamini kwamba mimi ni mwoga kwa asili na kwamba jasho ni ushahidi.

Naomba kujua, mtu wa aina yangu anaanzia wapi? Sindano moja kwa moja?

---

ZamuYaUsiku

Ndugu yangu, si uoga. Uoga unaweza kuliongeza, lakini chanzo ni amri za neva zinazozidi kiwango, tezi zenyewe ni za kawaida kabisa. Na maelezo yako ndiyo picha ya jasho la asili lisilo na ugonjwa nyuma yake: lilianza ujanani, liko pande zote mbili sawasawa, na bila shaka ukilala linakatika. Mara nyingi ukiuliza nyumbani utakuta baba, shangazi au ndugu mwingine analo pia.

Hauanzii kwenye sindano. Kwa kwapa, hatua ya kwanza ni dawa ya kupaka ya aluminiamu kloridi, ile kali inayofika asilimia 20. Siri yake ni muda. Inapakwa usiku, kwenye ngozi iliyokauka kabisa, unaiosha asubuhi. Wengi wanaisema haifanyi kazi kwa sababu wanaipaka asubuhi wakitoka kuoga, ngozi ina maji, inawaunguza na kuwawasha, wanaitupa.

Hiyo ikishindwa, kwapa ndipo sindano inapong'ara. Tunapaka ayodini, ikikauka tunanyunyiza wanga, na sehemu inayotoa jasho inageuka nyeusi yenye ubuluu mbele ya macho yako. Hapo tunachora mipaka. Kisha zinachomwa sindano ndogondogo za juujuu, 10 hadi 15 kila kwapa, zikipishana kwa sentimita moja au mbili. Kwa Botox dozi iliyoidhinishwa ni yuniti 50 kila upande. Sindano ni nyembamba sana na wengi wanavumilia bila ganzi. Nafuu ya kwapa hudumu kuliko ya uso, mara nyingi miezi sita au zaidi kidogo.

Viganja ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkweli zaidi kuliko matangazo. Kiganja kimejaa neva za hisia, kinauma, na mara nyingi daktari analazimika kutia ganzi neva za kwenye kifundo cha mkono. Halafu dawa inaweza kupenya hadi kwenye misuli midogo ya kidole gumba, ukakosa nguvu ya kubana vitu kwa wiki kadhaa. Fundi cherehani au mpiga gitaa lazima alipime hilo. Kwa viganja na nyayo ningekushauri kwanza umuulize daktari kuhusu mashine ya kupitisha umeme hafifu kwenye maji. Unazamisha mikono kwenye beseni za maji ya kawaida kwa dakika 20 hivi, mara kadhaa kwa wiki mpaka ikauke, kisha unapunguza. Inachosha, lakini inasaidia wengi. Vipo pia vidonge kama oksibutinini vinavyopunguza jasho la mwili mzima, ila vinakausha na mdomo, na wengine wanapata shida ya kukojoa.

Ukisikia mtu anakushauri upasuaji wa kukata mshipa wa neva kifuani, uliza maswali mengi kabla hujakubali. Mikono inakauka kweli, lakini wengi wanaanza kutokwa jasho jingi mgongoni, tumboni na mapajani, na neva iliyokatwa hairudi.

---

MtiShamba

Mimi napinga. Jasho Mungu ameliweka litoe uchafu mwilini. Ukiziba kwapa kwa sumu, huo uchafu unakwenda wapi? Mnawauzia watu matatizo ya kesho.

---

ZamuYaUsiku

Mkuu, swali lako ni halali na naulizwa kila mara. Jasho ni maji na chumvi, na kazi yake kuu ni kupoza mwili. Taka za mwili zinaondolewa na figo na ini. Kwapa zote mbili ni sehemu ndogo sana ya ngozi yote, na ngozi iliyobaki inaendelea kupoza mwili kama kawaida. Wapo wachache wanaohisi jasho limeongezeka sehemu nyingine baada ya sindano, lakini si kwa kiwango cha ule upasuaji, na dawa ikiisha kila kitu kinarudi kilipokuwa.

Kuhusu sumu hatubishani, ni sumu. Tofauti iko kwenye kipimo na mahali inapowekwa. Tangu 2009 FDA imelazimisha dawa hizi zote zibebe onyo kali kwenye maelezo yake kwamba zinaweza kusambaa mbali na pale zilipochomwa. Onyo hilo mgonjwa anatakiwa kulisikia kabla ya kuchomwa. Kliniki isiyolitaja, mimi ningeondoka.

---

Dada Upendo

Jamani naomba msaada. Nilichomwa paji la uso na katikati ya nyusi sehemu moja siitaji jina. Baada ya wiki moja kope la kushoto likashuka. Jicho linaonekana nusu. Nikipiga simu naambiwa "litakaa sawa", hawataki nirudi waniangalie. Nimeacha kutoka nyumbani. Je, nimepofuka? Litabaki hivi?

---

ZamuYaUsiku

Pole sana dada. Jicho lako halijapofuka, na kope litarudi. Kilichotokea ni kwamba dawa imepenya ikaufikia msuli unaoinua kope. Huwa inachukua wiki kadhaa, na mara nyingi inapona kabla hata makunyanzi hayajarudi. Kuna matone ya macho ya aprakilonidini ambayo daktari wa macho anaweza kukuandikia. Yanaamsha msuli mwingine mdogo wa kope na kuliinua milimita moja au mbili, yanakusaidia wakati unasubiri. Usiyanunue bila daktari kuliona jicho lako. Usilikande wala kulipaka kitu cha moto, na usikubali mtu akuongezee sindano "kusawazisha".

Naomba unijibu maswali haya leo: je, unaona vitu viwili viwili? Kope la pili nalo linashuka? Kumeza au kuongea kunakuwa kugumu? Shingo inachoka kubeba kichwa? Unapumua kwa shida? Likiwepo hata moja, usisubiri jibu langu, nenda hospitali ya dharura, useme umechomwa sindano ya botulinamu na tarehe uliyochomwa. Hizo ni dalili za sumu kusambaa. Zinaweza kuanza baada ya saa chache au hata wiki kadhaa, na kinga-sumu inafaa zaidi ikitolewa mapema. Inazuia hali isiendelee kuwa mbaya, lakini haifungui kilichokwisha kupooza.

Na kwa wengine wanaosoma: paji la uso ni mahali pa hila. Msuli wake ndio pekee unaonyanyua nyusi. Mtu mwenye kope nzito, hasa akiwa na umri, anautumia msuli huo mchana kutwa bila kujua ili aone vizuri. Ukiulegeza wote, nyusi zinamshukia na anahisi kichwa kizito. Mchomaji mzuri anakuangalia kwanza ukikunja, ukinyanyua, ukicheka, ndipo anashika sindano. Akikuchoma kwa ramani moja anayomchomea kila mtu, hajakuangalia wewe.

---

Dada Upendo

Hapana, ni kope moja tu. Sioni viwili viwili, kumeza niko sawa. Nashukuru dada, nimelia kusoma jibu. Kesho naenda kwa daktari wa macho.

---

Mfamasia wa Zamani

Niongezee upande wa kichupa, maana hapo ndipo udanganyifu mwingi unapofanyika.

Dawa hii inakuja kama unga mkavu, kidogo mno kiasi kwamba kichupa kinaweza kuonekana kama kitupu. Inahifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Kabla ya kutumika inachanganywa na maji safi ya chumvi ya hospitali, na kwa mujibu wa maelezo ya Botox inatakiwa itumike ndani ya saa 24. Ukiona mtu anatoa bomba lililokwisha jazwa kutoka kwenye mkoba, huna namna ya kujua ni dawa, ni maji, imekaa siku ngapi, wala ilipita kwenye joto gani. Haki yako ni kukiona kichupa kikifunguliwa, kusoma jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na kuandikiwa namba hiyo pamoja na yuniti ulizopewa. Piga picha.

Pili, yuniti hazihamishiki kutoka chapa moja kwenda nyingine. Yuniti 20 za Botox si sawa na yuniti 20 za Dysport, kila kampuni ina kipimo chake. Mteja anayelinganisha kliniki kwa idadi ya yuniti bila kuuliza chapa halinganishi chochote. Na Dysport haifai kwa mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, kitu ambacho wachomaji wa mitaani hawaulizi kamwe.

Tatu, bandia zinaumiza. Mwaka 2004 watu wanne walilazwa wakiwa wamepooza baada ya kuchomwa huko Florida sumu ya maabara ambayo haikukusudiwa kabisa kutumika kwa binadamu. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa dawa ya bandia au na watu wasio na ujuzi, baadhi yao majumbani na kwenye spa. Kumi na mmoja walilazwa. Kama inatokea kwenye nchi yenye mamlaka ya dawa yenye meno namna ile, tusijidanganye kwamba sisi tuko salama zaidi.

---

Nyota ya Asubuhi

Nina miaka 23. Marafiki wananiambia nianze sasa "kuzuia" kabla makunyanzi hayajaja. Ngozi yangu haina mstari wowote. Dada muuguzi unasemaje?

---

ZamuYaUsiku

Mdogo wangu, nasema usianze. Huna kitu cha kutibu, na dawa isiyo na kitu cha kutibu inakuletea hatari tupu. Ukianza mapema na kurudia mara kwa mara, mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya dawa. Haitokei kwa wengi, lakini ikitokea sindano haishiki tena, na unaweza kuihitaji huko mbele kwa jambo kubwa kama kipandauso sugu au shingo inayojipinda. Ndiyo maana hata wenye sababu wanaambiwa wasirudie chini ya miezi mitatu. Uingereza, kwa upande wa England, tangu Oktoba 2021 ni kosa la jinai kumchoma mtu wa chini ya miaka 18 kwa urembo, na naona walichelewa. Ukitaka kuitunza ngozi yako, paka dawa ya kukinga jua kila siku na usivute sigara. Hayo mawili yatakufaa zaidi ya kichupa chochote.

Nitaje na wasiotakiwa kuchomwa kabisa, kwa urembo, kwa sasa: mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye kidonda au maambukizi mahali pa sindano. Mwenye ugonjwa wa neva na misuli kama miasthenia gravisi asiguse bila daktari wa neva kuhusishwa. Na ukiwa kwenye dozi ya antibayotiki iitwayo jentamaisini au dawa za jamii yake, sema, kwa sababu zinaongeza nguvu ya ulegezaji.

---

Mzee Kitabu

Nimesoma yote kwa makini. Binti yangu, mke wangu ana miaka 51. Tangu miezi michache iliyopita anatokwa jasho usiku mpaka tunabadilisha shuka. Nguo zimeanza kumpwaya pia. Tulikuwa tunafikiria hizi sindano. Je, zinachomwa wapi kwa jasho la mwili mzima?

---

ZamuYaUsiku

Shikamoo mzee wangu. Hapa naomba tusimame kidogo. Jasho la mama halifanani na la Bin Hamisi. La kijana lilianza ujanani, liko sehemu maalumu, na usingizini linakatika. La mama limeanza ukubwani, ni la mwili mzima, na linakuja usiku. Jasho la namna hiyo halichomwi sindano, linatafutiwa chanzo. Kwa umri wake inawezekana ni kukoma kwa hedhi, na hilo ni la kawaida na lina msaada wake. Lakini nguo kupwaya kunanifanya nitake apimwe kifua kikuu, tezi ya thairoidi, sukari, na picha kamili ya damu. Daktari ampapase pia tezi za shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Dawa nazo zinaweza kuleta jasho, zikiwemo baadhi ya zile za sonona na zile za kisukari zinapoishusha sukari mno usiku. Je, anakohoa? Ana homa za jioni? Anatumia dawa yoyote?

---

Mzee Kitabu

Marahaba binti yangu. Kikohozi kipo, tulidhani ni cha vumbi. Homa sijapima. Anameza vidonge vya kisukari na vingine viwili ambavyo majina yake siyakumbuki.

---

ZamuYaUsiku

Basi mzee, kesho asubuhi aende. Daktari aambiwe mambo matatu kwa pamoja: jasho la usiku, kupungua, na kikohozi, maana kila moja likitajwa peke yake linaweza kupuuzwa. Abebe vidonge vyote kwenye pakiti zake. Na usiku huu, akiamka ameloa na anatetemeka, mpime sukari kabla ya kubadilisha shuka; ikiwa imeshuka, mpe kitu cha sukari kwanza.